Barafu Haikungoja

Asubuhi ile mto Tornio ulivunjika.
Niliusikia kabla ya kuuona: kishindo kimoja, kisha
mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburura kabati
nyumba ya juu, usiku wa manane.
Saa kumi na moja na dakika arobaini, alfajiri.
Nikakimbilia mezani na viatu vyangu vya matope
niandike. Hayo tu: tarehe, saa, upepo watoka wapi.

Ghala halikufunguka.

Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama ngamia wa kinu aliyesahauliwa na mwenyewe.

Baba aliandika miaka arobaini na mmoja
kwa penseli ya seremala, nyuma ya kalenda za maziwa.
Väinö hakukosa machipuko hata mamoja,
hata yale aliyolazwa Oulu na mapafu yake:
alimpigia jirani simu, Sulo, hebu chungulia dirishani.
Mimi, mwanawe msomi, nikamwambia karatasi huoza,
panya wana meno, nyumba huungua.
Nikazihamisha zote, mwaka baada ya mwaka,
kwenye kampuni ya watu wa kusini
walioahidi: Maneno yako, milele.
Milele yao ina likizo.
Milele yao hulala Jumanne.

Wenyewe hawapokei simu. Kazi hiyo wamewapa
wateja wenzangu, wa kujitolea, wasiolipwa hata kahawa,
na kila mmoja ana dawa ya ugonjwa nisioumwa.
Zima, washa.
Nimezima, nimewasha.
Basi futa kumbukumbu za mashine.
Kumbukumbu ndizo ninazozitafuta, bwana.
Pertti wa Kuopio akasema kwake kunafunguka vizuri,
kwa hiyo tatizo ni mimi.
Bibi mmoja wa Vaasa, sauti yake asali,
akaniuliza kama nimejaribu kuwa na subira.
Subira! Nina miaka hamsini na minane
kando ya mto unaoganda nusu ya mwaka.
Unifundishe subira wewe?
Wa nne akanikaripia: mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama, dada. Nimeinama mpaka nimehesabu vumbi,
na huko mvunguni hamna kitu.

Na muda wote huo, kwenye mlango wao, taa ya kijani:
Mifumo yote inafanya kazi.

Dirishani vipande vipana kama milango
vilikuwa vinapanda migongo ya vingine, vinakwenda zao
bila kuuliza kama nimeandika.
Kimoja kilibeba kiti cha plastiki, cha buluu,
kimekaa wima, kinatazama mbele.

Nikafungua droo. Penseli ya baba ipo,
imebaki urefu wa kidole gumba.
Kalenda ya sasa haina ng'ombe, ina jengo la benki.
Nikachana mwezi wa nne, uliokwisha kazi yake,
nikaandika mgongoni: kumi na moja na arobaini.
Upepo wa kusini.
Kiti.

Siku ya tisa ghala likafunguka,
bila samahani, bila hata hodi.
Nikapekua kwa pumzi ya mtu anayehesabu watoto wake
baada ya moto. Kila mwaka ulikuwepo.
Lakini kila herufi ya baba yenye nukta mbili kichwani,
zile zetu, zisizojulikana huko mitambo inakotengenezwa,
imegeuka alama ya kuuliza.
Hata jina lake, alilotia chini ya kila barafu:
V?in?
V?in?
V?in?
Kana kwamba miaka arobaini na mmoja
hakuwa na hakika.

Jioni ukaja ujumbe wao.
Je, umeridhika na huduma yetu? Tupatie nyota.
Tano zimepangwa, tupu, zinasubiri kidole changu.

Huku kwetu mwezi wa tano usiku hauingii giza.
Nyota hazionekani mpaka Agosti.
Nimewajibu hivyo hivyo.